Jana Ulikula Wapi?

Wiki iliyopita nilimsindikiza mpangaji mwenzangu kwenda ofisi ya ustawi wa jamii hapa Same. Ameachana na baba wa mtoto wake, na sasa wanavutana juu ya nani akae na huyo mtoto, kijana wa darasa la pili. Sisi wawili tuliachwa kwenye benchi la nje, mtoto akaingia peke yake. Dirisha lilikuwa wazi kwa sababu ya joto, tukasikia kila kitu. Afisa alimuuliza kwa sauti ya upole, "Jana ulikula wapi?" Mtoto akajibu, "Nyumbani." "Nani alikupakulia?" "Mama." Likaisha hapo. Mwenzangu akashusha pumzi, akanishika goti. Mimi nikainuka nikaenda kusimama kando ya tangi la maji, nikiangalia milima, kwa sababu sikutaka anione uso.

Swali hilo niliwahi kuulizwa mimi, nilipokuwa na miaka tisa. Jibu langu lilikuwa refu.

Nivumilie, rafiki yangu, nikikusimulia taratibu. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Shule yangu iliishia darasa la saba, na kuandika huku nimejifunza mwenyewe, kwa kusoma kila gazeti lililofungiwa sukari au maandazi. Sentensi ikipinda nalala vibaya. Hii habari nimejaribu kuinyoosha kichwani kwa miaka mingi na bado haijanyooka. Leo naiandika hivyo hivyo ilivyo.

Nilikulia juu huko Mamba, kwenye kitongoji ambacho nyumba zake zilijengwa kwa kukata mlima. Paa la jirani yetu wa chini lilikuwa usawa wa uwanja wetu, na uwanja wa jirani wa juu ulikuwa usawa wa paa letu. Ukisimama mlangoni kwa bibi uliona moshi wa chini ukipanda mbele ya macho yako, na ulisikia wa juu wakikoroga chungu utosini mwako. Asubuhi ukungu ulifunika bonde lote, na mpaka jua liuchane, tulijuana kwa vikohozi tu. Hewa ilinukia udongo mbichi na tangawizi. Wanawake waliziosha tangawizi mferejini wakiwa wamekunja khanga magotini, na jioni viganja vyao vilinukia hata wakikupapasa shavu.

Mama alikuwa amerudi kwao nikiwa mgongoni. Yeye na baba waliishi Hedaru, barabarani, na ndoa ikawashinda. Sababu sikuambiwa na sikuuliza. Tukakaa kwa bibi. Miaka hiyo ilikuwa migumu. Sabuni ilikatwa vipande kwa uzi, sukari ilikuwa ya mgonjwa, na mafuta ya taa yakipatikana dukani habari ilipanda mlima haraka kuliko mtu aliyetumwa. Kuni nazo zilikuwa mbali. Makande, unajua mwenyewe, mahindi na maharage makavu hayaivi kwa moto wa kuazima. Yanataka nusu siku na mzigo mzima wa kuni. Kwa hiyo nyumba zetu tatu zilipangiana. Leo makande yakichemka kwa jirani wa juu, kesho ni kwetu kwa bibi, keshokutwa kwa yule wa chini, na watoto wote walikula pale moto ulipo. Hatukualikwa. Tulifuata moshi.

Jirani wa juu alikuwa mama mnene wa vicheko, mwenye watoto wa kiume watupu, na alikuwa na tabia ya kunipakulia mimi kwanza akisema wale wengine ni mbwamwitu. Jirani wa chini alikuwa mjane, mfinyanzi wa vyungu. Mume wake alipofariki aliogopa kulala peke yake, na kwetu haikuwa adabu kumwacha mjane alale na kuta. Bibi akanitoa mimi. Kila jioni nilishuka na khanga yangu begani, nikalala naye kitanda kimoja. Alikuwa ananuka udongo na moshi na alikoroma polepole, na nikishtuka ndotoni alikuwa anasema, bila kuamka, "Nipo."

Bibi alikuwa akisema mtoto anayekataa chakula cha jirani amemtukana bibi yake. Nilitii. Nilikula kote, na nilijua ladha ya kila jiko: wa juu alizidisha chumvi ikipatikana, bibi alitia tangawizi hata mahali isipohusika, na mjane makande yake yalikuwa na ladha ya chungu kipya. Mama yangu akitoka shamba jioni alikuwa hasemi, "Mtoto wangu yuko wapi?" Aliuliza, "Wako kwa nani leo?"

Halafu mambo yakaanza kufunguka kule chini. Watu wakaruhusiwa biashara, mitumba ikaingia, wanunuzi wa tangawizi wakaanza kupanda na malori. Baba, ambaye alikuwa kuli wa kupakia mizigo Hedaru, akafungua duka. Nilimwona mara ya kwanza kwa akili zangu siku aliyokuja mlimani na viatu vipya vyangu kwenye mfuko wa nailoni. Alikuwa mtu mpole. Alimsalimia bibi kwa kuinama, akakaa kwenye ukingo wa kiti, akasema nimeshapita miaka saba, ule umri wa kuachwa kwa mama, na anataka nikasome shule ya barabarani. Bibi akamwambia shule ipo na hapa. Baba akashuka, na baada ya muda tukasikia amefungua shauri mahakamani Same.

Hakimu akasema kabla ya kuamua anataka mtu wa ustawi wa jamii azione nyumba zote mbili na amsikilize mtoto mwenyewe. Balozi wetu wa nyumba kumi ndiye aliyeleta taarifa. Watu wazima waliishangaa. Kusikiliza mtoto? Jirani wa juu alicheka mpaka akakaa chini, akasema basi kesho watakuja kuwasikiliza mbuzi.

Mimi sikucheka. Nilikuwa mtoto wa kutaka maksi zote, na mwalimu wetu alikuwa amenizoesha vibaya kwa kunisifia mbele ya darasa. Nilijua kwamba kuna mtihani unakuja na kwamba nikiukosea nitatolewa hapa. Nikafagia uwanja mpaka mistari ya ufagio ikawa imenyooka, kuku akipita namfukuza na kuanza upya. Nikasugua masufuria kwa majivu. Mama alifua gauni langu kwa kipande cha mwisho cha sabuni. Nilimuuliza niseme nini. Akasema, "Sema kweli. Ukiulizwa kitu, usikibane."

Majirani nao walijiandaa. Walikuja asubuhi wamevaa khanga zao za kanisani, na jirani wa juu akawapanga: mtu asijibu kwa aibu, kila mmoja aoneshe kwamba huyu mama hayuko peke yake. Walikuwa wamekubaliana kumpigania. Nataka ulishike hilo, rafiki yangu, kwa sababu yaliyofuata yote yalitoka humo.

Aliyekuja alikuwa dada kijana, na alikuwa amekuja na viatu vya kisigino. Alifika amevishika mkononi, miguu ina matope mpaka ugoko. Balozi alikuwa nyuma yake amembebea mkoba.

"Pole, mwanangu," jirani wa juu akamwambia. "Hivyo viatu bado havijatambulishana na mlima."

Dada yule akacheka, akaamkia wazee wote, akakalishwa, akapewa chai ya tangawizi. Akaeleza kazi yake vizuri. Hakuja kugombanisha mtu. Alitaka kujua tu mtoto anaishije: anakula wapi, analala wapi, nani anamwangalia.

"Kulala ni kwangu," mjane akadakia. "Tangu mzee wangu afariki, huyu ndiye mwenzangu. Usiku hata mmoja hajaniacha."

"Analala kwako, mama? Si hapa?"

"Kwangu. Kitandani kwangu."

"Na kula je?"

"Kula niulize mimi," akasema jirani wa juu. "Sufuria langu analijua mpaka pale lilipoungua."

"Usimdanganye mgeni," mjane akamkatiza. "Kwako anaonja tu, kwangu ndiko anakoshiba."

"Anashiba kwako na mashavu haya? Haya mashavu ni ya juu, haya."

Watu wakacheka. Bibi akacheka. Mama alikuwa amesimama mlangoni, na yeye pia nilimwona anatabasamu, amekunja mikono, kwa sababu alikuwa anasikia watu wakimpenda mtoto wake mbele ya serikali. Dada wa ustawi alicheka pamoja nasi huku akiandika.

Kisha akaniomba tutembee. Tulikwenda mpaka ukingo wa shamba la tangawizi, akakaa chini kwenye majani na sketi yake nzuri ili macho yake yawe usawa wa yangu. Sijawahi kusikilizwa na mtu mzima namna ile. Alikuwa akisubiri nimalize. Aliponiuliza jana nilikula wapi, nilimjibu kikamilifu: asubuhi uji kwa bibi, mchana kiazi kwa jirani wa juu, jioni makande kwa jirani wa chini, na wakati wa kurudi kutoka mferejini mtu mwingine alinipa ndizi. Nani alikupakulia? Nikawataja wote. Mama yako je, jana alikupa nini? Nikafikiri kwa bidii, maana nilitaka liwe sahihi. Jana mama alishinda shamba. Nikasema, jana hakunipa.

Akaandika. Halafu akauliza lile la mwisho. Kama mimi ndiye ningechagua, ningependa kuishi na nani?

Nikasema, "Hapa."

"Hapa kwa nani?"

Nilitazama nyuma. Wote walikuwa wanatuangalia kutoka uwanjani, bibi, mama, na majirani wawili. Ningesemaje "kwa mama" wakati mjane amenilaza na jirani wa juu amenilisha? Ningekuwa nimewatukana. Nilinyoosha mkono, nikauzungusha kuanzia paa la chini mpaka uwanja wa juu.

"Hapa. Kwa wote."

Nilirudi uwanjani nikiwa na furaha ya mtoto aliyemaliza mtihani bila kuacha swali. Jirani wa juu akanibeba, mzima mzima, akasema tumeshinda.

Baadaye nilipelekwa Hedaru nikakae siku chache ili nyumba ya baba nayo ionekane. Mama mdogo, mke wa baba, hakuwa mtu mbaya. Alinionesha kitanda changu, chembamba, chenye shuka la maua, na sahani ya bati iliyochorwa maua, yangu mimi peke yangu, na kikombe chake. Chakula kilikuja saa zile zile. Tulikula mlango umefungwa kwa ajili ya vumbi la malori. Dada wa ustawi alipofika, na maswali yake yale yale, nilimjibu kweli kama mama alivyoniagiza. Nilikula wapi jana? Hapa. Nani alinipakulia? Mama mdogo. Nalala wapi? Pale. Nilihisi nimejibu vibaya, majibu mafupi hivi. Nikaona hata haya kwa ajili yao.

Siku ya hukumu tulishuka Same wengi. Bibi hakuweza safari, lakini majirani walikuja, wamechanga nauli kwa kuuza tangawizi ambazo hazijakomaa. Hakimu alisoma taratibu. Alisema mahakama inatazama heri ya mtoto. Akasema kwa baba mtoto ana kitanda chake, chakula cha uhakika na mtu mmoja anayemwangalia. Kwa mama, mtoto hana mahali maalumu pa kulala. Analala kwa jirani. Hana mahali maalumu pa kula. Analishwa na majirani, na majirani wenyewe wamethibitisha, na mtoto mwenyewe amethibitisha. Mtoto alipoulizwa angependa kuishi na nani, hakumtaja mama yake.

Nilikuwa nimekaa katikati ya jirani wa juu na mjane. Nilihisi paja la jirani wa juu, lile paja kubwa lenye joto, likikauka kama limekuwa ubao. Hakugeuka kunitazama. Mjane alikuwa anasema kwa sauti ndogo, "Hapana, hatukusema hivyo. Hatukusema hivyo." Lakini tulisema hivyo. Neno kwa neno.

Nje, kwenye ukumbi, dada wa ustawi alimfuata mama. Macho yake yalikuwa mekundu. Alimwambia kwamba yeye aliandika walivyosema wao, hakuongeza. Mama hakupandisha sauti. Alimuuliza kama mtu anayeuliza njia.

"Kwa hiyo ningewanyima watu mtoto wangu, ndiyo ningebaki naye?"

Yule dada aliinama, akafunga mkoba wake. Mpaka leo sijui jibu gani lingefaa. Alikuwa ametufanyia haki yote aliyofundishwa, alipanda mlima pekupeku, alikaa chini kwenye majani ili anisikie, na alinisikia.

Hedaru nilikaa mpaka nikamaliza shule. Sitakudanganya kwamba niliteswa. Nilisoma, nilivaa viatu. Usiku malori yalipita na taa zake zikatembea ukutani, na nikishtuka ndotoni nilikuwa nakaa macho nikisubiri mtu aseme kitu. Sahani yangu niliiosha mwenyewe mpaka maua yake yakafutika.

Mahakama ilimpa mama likizo zangu za shule. Likizo ya kwanza nilipanda mlima nikikimbia, nikawaacha watu wenye mizigo nyuma. Nilifika jua linazama, nikaona moshi mzito kwa jirani wa chini, nikajua ni zamu yake. Sikuingia hata kwa bibi. Niliteremka mpaka jikoni kwa mjane nikaketi kwenye kigogo nilichokuwa nakalia siku zote. Alinikumbatia, akalia, akanipapasa uso kwa vidole vyake vya udongo. Chungu kilikuwa kinachemka kati yetu. Nilingoja.

Akachukua kifuniko, akakiweka juu ya chungu, akakibonyeza.

"Mama yako ameshakupa chakula?"

Nikasema bado, ndiyo kwanza nafika.

"Nenda kwanza kwenu, mwanangu. Ukale kwa mama yako. Watu wakuone unakula kwa mama yako."

Alisema kwa kunibembeleza, kama anayenipa kitu. Nilipanda kwa jirani wa juu, na yeye akatoka akasimama mlangoni, mlango mzima ukajaa, akaniambia maneno yale yale huku akiangalia pembeni. Hakukuwa na kicheko. Wanawe walikuwa wanakula ndani. Wale wote niliokuwa nikila nao chungu kimoja, kila mmoja alikuwa anaitwa kwao, na nilisikia, kuanzia juu mpaka chini, akina mama wakiita majina, jina moja moja, kisha mlango.

Walikuwa wameamua hivyo baada ya Same. Hapakuwa na kikao. Kila mama aliogopa kivyake kwamba siku moja mtu atapanda na mkoba, na kwamba ukarimu wa jirani utasomwa mbele ya hakimu. Wasingeweza kumfanyia tena mwenzao walilomfanyia mama yangu. Ilikuwa ni kwa mapenzi. Zamu za makande zikafa, kila nyumba ikachemsha yake kwa kuni zake, na waliokosa kuni walilala na uji. Mjane alitafutiwa mbwa.

Mama alinipakulia ndani, kwenye sahani mpya aliyoinunua, mimi peke yangu, akafunga mlango. Akakaa ananitazama nikila kila tonge, kama kuna mtu anaandika. Hakuna aliyekuja kuandika. Yule dada hakupanda tena, nilisikia alihamishwa.

Nilirudi kule mwaka jana kumzika mjane. Bibi na mama walishatangulia, nyumba yetu imebaki kuta. Jirani wa juu bado yupo, amekonda, wanawe wako mijini na wajukuu anawaona kwenye picha. Tulipotoka kaburini nilipita kwake kumwamkia. Jikoni kulikuwa na moshi, na harufu ilikuwa ile, ya mahindi yanayopasuka. Akanikaribisha ndani, akanipa kiti, akafuta kiti kwa khanga kabla sijakaa, jinsi wanavyomfanyia mtu wa mbali.

Akaniuliza kama nimekula.

Nilikuwa sijatia kitu kinywani tangu asubuhi. Nikamwambia nimekula, ahsante, nimeshiba. Akaitikia kwa kichwa, na nilimwona ametulia.